Nafasi ya Kupandia na Ubora wa Mbegu za Maharage

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Misunkumilo, Mpanda



Kupanda kwa mistari na kwa nafasi ni kanuni ya kilimo bora inayofahamika. Wengi huihesabu kuwa ni kanuni ya wingi wa mavuno tu. Lakini katika shamba la mbegu nafasi ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi: kulinda afya ya punje itakayopandwa msimu ujao.

Maharage hujichavusha yenyewe, hivyo aina yake haipotei upesi. Kwa sababu hiyo mkulima wa Misunkumilo aweza kujiwekea mbegu kutoka katika mavuno yake mwenyewe. Hatari ni kwamba baadhi ya magonjwa husafiri ndani ya punje. Mwanachama mmoja akimpa jirani debe la mbegu yenye ugonjwa, shamba la pili huambukizwa, na baada ya misimu michache kijiji kizima hushiriki hasara.

Kwa maharage ya kichaka, kama vile Lyamungu 85 na Lyamungu 90, nafasi ishauriwayo ni sentimita 50 kati ya mistari na sentimita 10 kati ya mashina, punje moja kila shimo. Hayo ni mashina 20 katika mita moja ya mraba, yaani takriban 80,000 kwa ekari. Ikiwa punje 100 zina uzito wa gramu 45, mbegu itakayohitajika ni kilo 36. Mkulima akibana mashina hadi sentimita 5, atatumia kilo 72. Hata hivyo mavuno hayataongezeka maradufu, kwani mashina yatanyang'anyana mwanga, maji na chakula, na kila shina litazaa maganda machache. Kilo 36 za ziada zitakuwa zimefukiwa ardhini bila faida inayolingana.

Hasara ya ubora huja baadaye. Katika shamba lililosongamana hewa haipiti vizuri, na umande hukawia kukauka. Vimelea vya magonjwa hupenda unyevu huo, na matone ya mvua huvirusha kutoka jani hadi jani. Mashina membamba huanguka, maganda hugusa udongo, na punje huota ukungu au hubadilika rangi. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda ameyaona mambo kama hayo kitaluni: miche iliyobanana hurefuka bila nguvu na huoza shingoni.

Hata hivyo, nafasi iliyopita kiasi nayo si dawa. Magugu hupata mwanya, na aina zinazotambaa huendelea kutoa matawi na maua, hata maganda yasikomae kwa wakati mmoja. Punje changa zikichanganyika na zilizokomaa, uotaji haulingani.

Tena, mstari ulionyooka ni njia ya mkaguzi. Mwenye shamba la mbegu hana budi kupita kila mstari wakati wa maua na tena maganda yanapojaa, akiling'oa kila shina lenye ugonjwa au lisilo la aina yake. Palipotapakaa mimea ovyo kazi hiyo haiwezekani.

Makatibu wanashauriwa kuwahimiza wanachama watenge kipande maalumu cha mbegu, wala wasichague mbegu ghalani baada ya mavuno yote kuchanganywa. Kabla ya kupanda, punje 100 zichukuliwe bila kuchaguliwa, zioteshwe katika mchanga wenye unyevu, na miche yenye afya ihesabiwe baada ya siku nane au tisa. Idadi hiyo iandikwe katika daftari la chama pamoja na nafasi iliyotumika shambani, ili misimu ilinganishwe. Na kikundi kinachotaka kuuza mbegu kisajiliwe na kukaguliwa na Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI).

Ndugu Wanachama, kipimo cha nafasi hakihitaji mkopo wala mashine. Kamba yenye mafundo na vijiti viwili vyatosha. Chama kitakachoanza na kamba hiyo kitakuwa kimeilinda mbegu ya wanachama wake wote.