Gari la Mgeni Nalo Linalala: Hotuba kwa Wenye Hoteli wa Watamu



Wengi wenu mkisikia chaja ya magari ya umeme mnawaza transfoma mpya na gharama yake. Lakini mgeni aliyeendesha kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 500, haji Watamu kukaa dakika 20. Analala, na gari lake linalala uani. Chaja ya kilowati 7 kwa muda wa saa 10 hutoa takriban kilowati-saa 70, zinazotosha kujaza betri za magari mengi. Chaja ya kasi ya kilowati 50 huvuta umeme wa chaja saba kama hiyo! Mgeni asipopata pa kuchaji kwako, atalala kwa jirani.

Kwanza mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA apime nyaya. Soketi za nje zikingwe na chumvi ya bahari, mnayoijua kuniliko.