Kipimo cha Kila Siku

Tangu mwaka 2004 taasisi za umma nchini Kenya zimekuwa zikitia saini mikataba ya utendakazi, na tangu 2013 vituo vya Huduma vimeweka huduma nyingi chini ya paa moja. Ni hatua za kusifiwa. Lakini mkataba unaopimwa mwisho wa mwaka hugundua kasoro baada ya mwananchi kuumia. Tazama kituo cha kununulia majani chai hapa Kericho au Bomet: mkulima humwaga majani mezani, yakakaguliwa kama ni mawili na kichipukizi, yaliyokomaa yakatengwa, ndipo mzani ukasoma. Kosa la uchumaji hujulikana siku hiyo hiyo, na kesho hurekebishwa. Ofisi za umma nazo zijipime hivyo.

Wapo watakaosema ofisi ya serikali si kiwanda, kwamba karani amefungwa na sheria. Kweli, sheria hupanga ada na nani aidhinishe; haikuagiza mfanyabiashara arudi mara tatu kwa kuwa hakuna aliyemwambia mapema ni stakabadhi gani zinahitajika. Pingamizi zito zaidi ni woga: takwimu zikitumika kuadhibu, watumishi watazipamba, na hapo hatutajua lolote. Kwa hiyo kaunti zianze na wale wa chini. Karani wa mapokezi ndiye anayejua leseni hukwama dawati gani. Aulizwe kila wiki, mkubwa wake amjibu wiki hiyo hiyo, na kilichobadilishwa kibandikwe mlangoni wananchi wakisome.