Uso, shati na gundi: maneno niliyosema kwenye mkutano wa wanamemba



Mfadhili mmoja aliniuliza: watu wametoka kambini, nyumba nyingine hazina bati, sasa pesa ya rangi ni ya nini? Swali ni la haki. Leo nalijibu.

Nianze Lubumbashi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia ya Kongo kwa picha zaidi ya 100, na ndani yake Lumumba ana nafasi kubwa. Walizungumza Kiswahili chetu hiki. Watu wa kule picha za namna hiyo waliziita ukumbusho: unaitundika sebuleni, inakurudisha nyuma na kukufikirisha.

Wa pili ni Chéri Samba wa Kinshasa. Alianza na kuchora vibao vya matangazo, na mwaka 1975 akafungua atelie yake. Aliona watu wanapita tu mbele ya picha, basi akaanza kuandika maneno juu yake ili wasimame wasome. Mara nyingi anachora uso wake mwenyewe, na rangi anaiwekea unga unaometameta.

Vijana wetu wamechukua mfuko wa mmoja na maneno ya mwingine, wakaongeza nguo. Kazi inaenda hivi: mfuko unafuliwa, unavutwa kwenye mbao, unapakwa gundi na rangi nyeupe ili usinyonye. Uso unachorwa kwanza na makala. Kipande cha kitenge ao shati kinabandikwa, kinaachwa kikauke kabisa, kama sivyo kitajikunja. Halafu rangi. Mwisho, jina na kijiji.

Mama mmoja, memba wetu, alifiwa na mume ukimbizini. Hana foto hata moja. Alikuja na kipande cha shati tu. Kijana akachora, mama akasema: "Huyu si yeye." Akachora tena, bado. Mara ya tatu ndipo mama akakumbuka: jicho la kushoto lilikuwa linafungika kidogo akicheka. Shati ilipobandikwa, alinyamaza, kisha akaita watoto: "Muje mumuone baba yenu." Mdogo hakuwahi kumjua.

Mgeni mmoja alitaka kuinunua kwa dola. Mama akajibu: "Ile hapana ya kuuzisha." Na mimi nilikuwa nimeshaipiga foto kwa ajili ya ripoti, bila kumuuliza. Niliifuta mbele yake. Toka siku ile tunafuata sheria moja: picha ni ya familia, na haingii katika ripoti kama mwenyewe hajakubali. Wafadhili, mutuvumilie kwa hilo.

Basi jibu langu: bati inapita mbele, hakuna anayebisha. Lakini bati tunaweza kuinunua hata mwaka kesho. Wazee wanaokumbuka jicho la mtu wanapungua kila mwaka, na hao hatuwezi kuwanunua.

Kwa hiyo, wapendwa, muangalie ndani ya mizigo yenu. Mulete kipande cha nguo, na muje na mtu anayekumbuka.