Heshima Iko Kwenye Tasnifu: Masharti ya Kumaliza Shahada ya Saikolojia Uingereza

Katika wiki za mwanzo, mwanafunzi wa saikolojia kwenye vyuo vingi vya Uingereza huonyeshwa jina la rangi nyekundu lililoandikwa kwa wino wa kijani. Huambiwa ataje rangi ya wino na aliache neno lenyewe. Ulimi hukwama, darasa hucheka. Jaribio hilo ni la Mmarekani John Ridley Stroop, aliyelichapisha mwaka 1935. Kicheko kikiisha kazi huanza: kupima muda wa kujibu kwa milisekunde, kuingiza namba kwenye programu ya takwimu, kulinganisha wastani na kuandika ripoti. Hapo ndipo kijana aliyedhani amekuja kujifunza kusikiliza shida za watu anapogundua kwamba amejiandikisha kusoma sayansi.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya walimu washauri wa sekondari na wazazi wenye vijana wanaotaka kuisomea saikolojia Uingereza, iwe kwa kusafiri au kwa masafa. Hoja yake ni moja: kinachoamua kama shahada hiyo itakuwa na thamani ya kitaaluma ni utafiti ambao mwanafunzi anaufanya mwenyewe mwaka wa mwisho. Wingi wa kozi alizofaulu hautoshi, na maandalizi ya utafiti huo yanapaswa kuanza mwaka wa kwanza.

Kwanza hesabu. Shahada ya kwanza ya daraja la heshima (isichanganywe na ile ya kutunukiwa, wanayovishwa marais na wanamuziki) huhitaji krediti 360 kwa Uingereza yenyewe, Wales na Ireland ya Kaskazini, yaani 120 kila mwaka kwa miaka mitatu. Uskoti husoma miaka minne na krediti 480. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kazi, kwa hiyo mwaka mmoja ni saa 1,200. Sehemu kubwa ya saa hizo haiko darasani. Ni za maktaba, maabara na meza ya chumbani, na mwanafunzi aliyezoea kuandikiwa notisi ubaoni huziona ni likizo mpaka matokeo yatoke.

Alama 70 na kuendelea ni daraja la kwanza. 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu. 50 hadi 59 ni la pili la chini. 40 hadi 49 ni la tatu. Vyuo vingi havihesabu mwaka wa kwanza katika daraja la mwisho, ingawa lazima ufaulu ndipo usonge mbele. Msomaji wa Afrika Mashariki ataona mambo haya ameyazoea, na sababu ipo: Makerere ilianza uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa chini ya London vilevile. Madaraja haya yalikuja na meli moja.

Juu ya masharti ya chuo yapo ya Chama cha Saikolojia cha Uingereza, BPS, kilichoundwa mwaka 1901 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1965. Chama hiki hukagua programu za vyuo na kuzipa ithibati. Aliyemaliza programu yenye ithibati hupata kile kinachoitwa GBC, yaani sifa ya msingi inayomfungulia mlango wa mafunzo ya kitaaluma. Ili aipate ni lazima awe na angalau daraja la pili la chini. Ni lazima pia awe amefaulu tasnifu ya utafiti, na hapa hakuna kubebwa: alama nzuri za kozi nyingine haziwezi kufidia tasnifu iliyofeli. Mtu anaweza kuvaa joho, akapigwa picha na familia nzima, na bado akakosa GBC.

Maeneo ya lazima yanajulikana. Kuna misingi ya kibiolojia ya tabia, utambuzi, makuzi, saikolojia ya jamii, tofauti baina ya watu, na historia ya taaluma pamoja na mijadala yake. Kinachopita kote humo ni mbinu za utafiti. Kwa mwanafunzi anayetoka kwetu, somo la makuzi lina habari ambayo walimu wa huko hawaisemi kwa sauti ya kutosha. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake juu ya mshikamano wa kihisia kati ya mtoto na mama husomwa na kila mwanafunzi wa fani hii, alianza uchunguzi wake Uganda mwaka 1954, akizitembelea nyumba 26 za vijijini karibu na Kampala. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Kwa maneno mengine, sehemu ya mtaala wa London ilianzia kwenye mikeka ya Buganda.

Turudi kwenye tasnifu. Mara nyingi hubeba krediti 30 au 40 na hufikia maneno kati ya 8,000 na 10,000. Mwanafunzi huchagua swali, hupewa msimamizi, huandika pendekezo, huomba kibali cha maadili, hukusanya data, huzichambua, kisha huandika kwa mpangilio wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019.

Wengi huanguka kwenye swali. Kijana huja na “athari za mitandao ya kijamii kwa vijana wa Afrika”. Swali hilo halina mwanzo wala mwisho, na miezi saba haitoshi hata kuliwekea mipaka. Anayeuliza kama wanafunzi wanaolala chini ya saa sita hukumbuka maneno machache kuliko wenzao ana kitu cha kupima. Msimamizi mzuri hulipunguza swali mpaka mwanafunzi alione ni dogo mno, na kwa kawaida huo ndio ukubwa unaofaa.

Kibali cha maadili nacho si karatasi ya kugongewa muhuri tu. Mwaka 1963 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha utafiti ambamo wanaume 40 waliamriwa kumpiga mtu shoti za umeme, na 26 kati yao walikwenda hadi volti 450. Umeme ulikuwa wa uongo, lakini jasho na tetemeko la walioamriwa lilikuwa la kweli. Leo kamati ingemzuia mwanafunzi kufanya hivyo. Mshiriki lazima aelezwe, aridhie, aweze kujitoa bila kuulizwa sababu, na mwishoni aambiwe ukweli wa jaribio. Pendekezo linalohusisha watoto au wagonjwa hupitiwa kwa muda mrefu zaidi, na asiyelijua hilo mapema hujikuta mwezi Januari hana data hata moja.

Takwimu ndizo zinazotisha kuliko yote. Zamani ilikuwa programu ya SPSS peke yake. Sasa idara nyingi hufundisha R, au JASP iliyotengenezwa Amsterdam, na zote mbili ni za bure. Ukali wa somo hili una sababu. Mwaka 2015 jopo la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Kati ya tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizosimama. Tangu hapo wanafunzi wengi hutakiwa kuandika nadharia tete na mpango wa uchambuzi kabla hawajagusa data, ili wasije wakazipinda namba zikasema wanachotaka.

Mbali na takwimu, kuna pengo ambalo kijana anayezungumza Kiswahili anaweza kuligeuza kuwa fursa. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makuu aliyoyachambua walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kwa viwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Mwanafunzi anayeweza kuhoji watu kwa Kiswahili, Mombasa au Muscat, ana kitu ambacho msimamizi wake hana. Tatizo ni kwamba wengi huficha lugha yao, wakaenda kugawa dodoso kwa wenzao wa bwenini.

Shahada hii, hata ya daraja la kwanza, haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia wa hospitali. Uingereza, tangu 2009, majina kama mwanasaikolojia wa kliniki au wa elimu yanalindwa na sheria na kusimamiwa na baraza la taaluma za afya na huduma, HCPC. Njia ya kliniki ni udaktari wa miaka mitatu baada ya shahada, na nafasi hugombewa vikali. Australia daraja la heshima ni mwaka wa nne, na usajili huchukua angalau miaka sita kwa jumla. Afrika Kusini ni mwaka mmoja wa pekee baada ya shahada ya miaka mitatu, wenye maombi yake na mchujo wake. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo anayerudi nyumbani na cheti cha nje naye ana masharti yanayomsubiri.

Kwa hiyo mzazi asitoe ada kwa kutazama jina la chuo. Ithibati ya BPS hupewa programu moja moja, na chuo kimoja kinaweza kuwa na shahada mbili za saikolojia, moja yenye ithibati na nyingine isiyo nayo. Afungue orodha ya chama hicho, alitafute jina kamili la shahada na mwaka wa kuanza masomo. Lisipokuwemo, akiulize chuo kwa maandishi kabla ya kulipa.