Simu ya Chama: Namba Iwe ya Nani?

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Gehandu



Katika Mkoa wa Manyara zipo kata mbili zenye jina la Gehandu: moja iko upande wa Mbulu, nyingine iko upande wa Hanang. Mnunuzi aliyeko Arusha au Dar es Salaam anapopiga simu na kueleza kwamba analeta lori Gehandu, swali la kwanza la katibu mwangalifu ni hili: "Gehandu ipi?" Swali hilo dogo huokoa dizeli nyingi. Lakini ili liulizwe, hapana budi kwanza iwepo simu inayopokelewa, na pili anayeipokea awe ndiye aliyepewa kazi hiyo na Chama. La kwanza lina shida zake. La pili ndilo zito.

Zamani uchaguzi wenyewe haukuwapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma za simu nchini ziliwekwa chini ya Shirika la Posta na Simu la Tanzania, na aliyetaka simu aliandika maombi akangoja. Waya ulikomea mijini na kwenye makao ya wilaya. Chama cha kijijini kilichotaka kujua bei kilimpandisha mtu basi, au kiliomba hisani ya ofisi iliyokuwa na simu ya upepo. Sheria ya mwaka 1993 ililigawa Shirika hilo, na kuanzia mwaka 1994 simu za mkononi zikaanza kuingia nchini. Leo kuna Vodacom, Airtel, Yas ambayo watu wengi bado wanaiita Tigo, Halotel na TTCL, na kila mmoja ana vifurushi vyake na vijana wake wa kusajili laini chini ya mwavuli siku ya mnada. Shida imegeuka kutoka uhaba ikawa wingi.

Yafaa kuondoa jambo moja mapema. Mjini, ofisi yenye vyumba vingi huweka swichibodi, ili namba moja ipokee simu zote na kuzigawa kwa wahusika, na siku hizi nyingi hupitisha mazungumzo hayo katika intaneti badala ya waya wa kawaida. Ni mitambo mizuri, lakini hutaka umeme usiokatika na intaneti isiyoyumba. Chama chenye chumba kimoja, ghala na mizani kikinunua swichibodi kitakuwa kama mtu aliyenunua kombaini kuvunia bustani ya mchicha. Muuzaji atakisifu sana.

Kwa chama cha msingi, swali ni mtandao upi unaoshika mahali pa kazi. Mawimbi ya simu hayapendi milima, na nchi ya Mbulu na Hanang ina mabonde, kingo za Bonde la Ufa, na Mlima Hanang wenyewe. Mnara unaweza kuonekana kwa macho kutoka kilimani, na bado ghala lililo bondeni lisipate kitu. Paa na kuta za bati nazo huzuia mawimbi. Kwa hiyo isipimwe sifa ya mtandao barazani kwa mwenyekiti. Wanachama wawili au watatu wenye laini mbalimbali wasimame kwenye mizani, kisha ndani ya ghala, kisha mahali pa mkutano mkuu, asubuhi na jioni, wapige na wapigiwe, na matokeo yaandikwe. Kazi hiyo ni ya siku moja na haina gharama ila ya vocha.

Kuhusu chombo chenyewe maneno ni machache. Simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi, hukaa na chaji siku kadhaa na haiogopi vumbi la ghala. Simu janja inahitajika pale chama kinapotuma picha za hati au kufungua mifumo ya ushirika ya intaneti. Chama kinachoweza kuwa na zote mbili, kila moja na laini ya mtandao tofauti, kiwe nazo, na paneli moja ya sola ya kuzichaji.

Sasa lije lile zito. Katika vyama vingi, namba iliyochapwa kwenye karatasi za barua na kwenye ubao wa ofisi ni namba ya katibu mwenyewe, laini yake, kwa kitambulisho chake. Haikufanywa kwa hila. Chama hakikuwa na simu, katibu alikuwa nayo, akajitolea, na pengine vocha alinunua kwa fedha zake. Jambo jema hilo, na wengine hawakushukuriwa. Lakini tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilianza kufungwa, na maana yake kwa ushirika haijazungumzwa vya kutosha. Laini ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yule ambaye vidole vyake vimesajiliwa. Siku katibu huyo anapohama, anapostaafu, au anapogombana na Bodi, namba inaondoka naye. Wanunuzi waliokusanywa kwa miaka kumi wanaendelea kumpigia yeye. Akiwa mwaminifu atawaelekeza kwa mrithi wake. Asipokuwa mwaminifu atanunua mazao kwa jina ambalo si lake. Na akiiacha laini bila kuitumia kwa muda mrefu, kampuni huifunga na namba yake huweza kupewa mtu mwingine kabisa, asiyejua mbaazi wala ngano.

Ubaya huzidi fedha zinapoingia. Malipo yaliyotumwa kwenye laini ya mtu binafsi ni fedha za mtu huyo machoni pa mtandao, hata kama kila mwanachama anajua ni za pembejeo. Mwenye laini akifariki dunia, salio hilo huingia katika mirathi yake. Basi ndipo Bodi inapojikuta inakaa msibani, mbele ya mjane, ikidai fedha za mbolea bila karatasi ya kuonyesha. Hakuna mwenyekiti anayetaka siku hiyo.

Dawa yake ipo. Mitandao husajili laini kwa jina la taasisi. Chama hupeleka cheti chake cha kuandikishwa, namba ya mlipa kodi na barua ya Bodi, pamoja na mtu aliyeteuliwa mwenye kitambulisho cha Taifa. Mteuliwa huyo ni mwakilishi tu, na uteuzi wake uandikwe katika muhtasari wa kikao, ili akibadilishwa, kampuni ipelekewe muhtasari mpya. Kwa fedha, chama kiombe namba ya kupokea malipo ya biashara kwa jina lake, na makusanyo yahamishiwe akaunti ya benki ya Chama, ambako sahihi zaidi ya moja zinatakiwa.

Wengine watauliza: itakuwaje mtandao uliochaguliwa ukija kuharibika, au mnara wa mwingine ukijengwa karibu zaidi? Tangu Machi 2017 mteja nchini anaruhusiwa kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine akiwa na namba yake ile ile. Kwa hiyo mtandao unaweza kubadilishwa kama gunia lililotoboka. Namba ndiyo mali ya kudumu, na kabla ya kubishana vifurushi, Bodi ihakikishe kwanza namba ni ya nani.

Thamani ya namba hiyo huonekana bei inapogeuka. Mwezi Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi kutoka nje, na bei kwa wakulima wa Tanzania ikaporomoka. Habari ya namna hiyo huzaliwa mbali sana na Katesh, na mwanachama anayeipata baada ya kuuza, au baada ya kukataa bei ambayo haitarudi tena, hana la kufanya nayo. Vivyo hivyo katika mazao yanayouzwa kwa stakabadhi ghalani: bei ya mnada inapotajwa, wanachama wanatakiwa kuisikia upesi na kutoka kinywa kimoja.

Kwa sababu hiyo chama kiwe na daftari la namba za wanachama, la karatasi, pamoja na orodha iliyo ndani ya simu. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani. Siku ya msiba kama huo, simu inaweza kuzikwa pamoja na nyumba. Daftari lililohifadhiwa mahali pengine ndilo litakalosaidia kujua nani amepatikana na nani bado. Daftari hilo lionyeshe pia ni mwanachama gani asomaye ujumbe na ni yupi wa kupigiwa. Wapo wazee ambao Kiiraqw au Kidatoga ndiyo lugha yao ya shughuli, na ujumbe mfupi wa Kiswahili hukaa katika simu zao hadi mjukuu arudi kutoka shule.

Lipo pia jambo la matapeli. Ule ujumbe usemao "ile pesa itume kwenye namba hii" umewafikia wengi, na huwapata hasa wale waliokuwa kweli na pesa ya kutuma. Chama chenye namba moja inayojulikana, iliyobandikwa ghalani kwa maandishi makubwa, kimewapa wanachama kipimo: agizo la fedha lisilotoka namba hiyo halifuatwi, na hata likitoka namba hiyo, hupigiwa simu kwanza likathibitishwa. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040. Na kila mtu apige *106# atazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, makatibu wakiwa wa kwanza.

Makatibu ambao hadi leo namba zao ndizo za Chama hawana haja ya kuona haya. Kikao kijacho cha Bodi kiweke ajenda hiyo. Laini mpya ya Chama isajiliwe, wanunuzi wajulishwe kwa barua yenye muhuri, na kwa msimu mmoja simu zote mbili zipokelewe. Baada ya hapo, kila katibu anapompisha mwingine, hati ya makabidhiano itaje simu, laini, chaja na daftari, kama inavyotaja funguo za ghala na mawe ya mizani, na namba za siri zibadilishwe papo hapo mezani, kabla chai haijaletwa.