Mkalimani Wangu Mandvi



Mimi na rafiki yangu Juma, jirani wa hekalu hili, tulifika Mandvi, Kachi, tukiwa na mabegi mgongoni. Babu yangu alipanda jahazi bandarini hapo kuja huku. Kandokando ya mto Rukmavati majahazi ya mbao yangali yakiundwa, marefu kama nyumba za ghorofa. Chini ya mojawapo, baharia mzee alitukaribisha chai. Alinisemesha Kikachi, sikuelewa, nikaona haya. Ndipo alipomgeukia Juma: “Hujambo, bwana? Mombasa kwema?” Wakazungumza hadi jua likachwa, naye Juma akawa mkalimani wangu katika mji wa babu yangu. Mzee akauliza jina la babu. Nililitaja mwenyewe.