Mwalimu, Mwanafunzi na Chimbuko la Saikolojia Tiba

Mwaka 1896, mjini Philadelphia nchini Marekani, mwalimu Margaret Maguire alimpeleka mwanafunzi wake kwa Lightner Witmer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mvulana huyo alikuwa na akili timamu, ila tahajia ilimshinda kabisa. Mwaka huohuo, Lutindi katika milima ya Usambara, Wakristo wa Kijerumani walianzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na haukupita muongo mmoja yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, yakawa miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo Afrika Mashariki. Ninachokitetea leo ni kwamba saikolojia tiba ilizaliwa kwa mwalimu aliyeuliza swali kuhusu mtoto mmoja, ilhali sisi tulianza na ukuta wa kuwatenga watu, na mpaka sasa tunalipia mwanzo huo.

Witmer alisomea Leipzig, kwa Wilhelm Wundt aliyefungua maabara yake ya saikolojia mwaka 1879, na alipata shahada ya uzamivu mwaka 1892. Kazi ya maabara za aina hiyo ilikuwa kupima mambo kama kasi ya mtu kuitikia sauti au mwanga, na aliyepimwa aliwakilisha akili ya binadamu kwa jumla. Shida zake mwenyewe hazikumhusu mpimaji. Mwalimu Maguire aliamini kwamba elimu inayojiita sayansi ya akili haina budi kumfaa mtoto asiyeweza kuandika imla. Witmer hakuwa na kitabu cha kumwongoza. Alianza na macho, mvulana akapewa miwani, lakini tatizo halikuisha. Ikabidi afundishwe kulitambua neno zima kwa sura yake badala ya kulitaja herufi kwa herufi. Mwaka 1907 Witmer alieleza kisa hicho katika jarida alilolianzisha mwenyewe, na humo akaipa taaluma mpya jina la saikolojia tiba. Kwa maoni yangu Maguire anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waasisi, kwani bila yeye kliniki ya Witmer isingepata swali lake la kwanza.

Mtu anaweza kupinga, tena kwa haki, kwamba tiba ya akili haikusubiri Wamarekani. Ushahidi anao hapahapa Uhehe, mkoani Iringa. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia Robert Edgerton alichapisha makala kuhusu mganga wa Kihehe aliyetibu wagonjwa wa akili, na hakusita kumwita daktari wa akili. Alichokikuta kwa mganga huyo ni uchunguzi makini na imani kubwa katika nguvu ya dawa za mitishamba, kuliko mtu wa nje angetarajia. Naikubali sehemu kubwa ya pingamizi hili: kumsikiliza mgonjwa hakukuanzia Philadelphia. Lakini ujuzi wa uganga kwa kawaida hurithishwa ndani ya ukoo, na anayeshindwa kupona huenda zake bila maandishi yoyote. Witmer aliacha jalada ambalo mgeni angeweza kulisoma na kulipinga. Taaluma hukua pale makosa yake yanapoweza kuonekana na watu wasiomjua wala kumheshimu aliyeyafanya.

Na makosa yalikuwepo, tena mazito. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910. Mirembe, Dodoma, ilijengwa miaka ya 1920. Mwaka 1938 Mathari ikakabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika na akaifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Alijuaje? Aliwahesabu waliofika wodini, na wodi ya kikoloni ilipokea hasa wale waliosumbua watu. Mama aliyekaa kimya jikoni kwake, hali wala halali, hakuna askari aliyemkamata. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda. Huko watu walifuatwa majumbani na kuulizwa hali zao, na sonona ikaonekana kuwa nyingi kuliko kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliochunguzwa kwa kipimo hichohicho. Anayesema kipimo hicho kilikuwa cha kigeni hakosei. Hata hivyo, kiliwafikia watu ambao Carothers hakuwaona kamwe.

Pingamizi la mwisho ndilo ninalolisikia zaidi: nchi yenye upungufu wa dawa na wauguzi haiwezi kumudu anasa hii. Mwenye hoja hiyo bado anaiwazia taaluma hii ndani ya ukuta wa Lutindi, akidhani inaanza na jengo na vitanda. Kliniki ya kwanza ilianza na mtoto, mwalimu na mtu aliyekubali kutumia muda wake. Katika shule zetu yupo mtoto anayenakili ubaoni bila kosa, lakini akisomewa imla anaandika herufi zisizosomeka, na anachopata ni viboko au kurudia darasa. Katika zahanati yupo mgonjwa anayerudi kila mwezi na kichwa kisichopoa kwa dawa yoyote, na nyumbani wanasema ana mawazo tu. Hawa si watu wa kupelekwa Mirembe. Chuo kinachofundisha ushauri nasaha hapa Iringa kinaweza kuwapeleka wanafunzi wake wakakae na mwalimu wa darasa la tatu na muuguzi wa zahanati, siku moja kila juma, kila mmoja akiwa na jalada la mtu mmoja, akiandika alichojaribu, kilichofaa na kilichoshindikana, kisha majalada hayo yasomwe na wenzake mbele ya mwalimu wao. Kazi hiyo inaweza kuanza muhula ujao.